Ndoo Chini ya Meza

Tukubaliane mapema kwamba mzee huyu hakuwa mtu wa kupendeka kirahisi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa mpishi mkuu kwenye kantini ya kiwanda cha nyuzi, watu mia tatu na ushei kila mchana, na kazi hiyo ilimwachia miguu iliyovimba, nyusi zilizoungua mara nyingi mpaka zikakataa kuota, na ulimi usiojua kutamka neno pole. Kiwandani walimwita Mkuu. Alipostaafu, jina lilimfuata mtaani. Nyumbani, mwanawe na mke wa mwanawe walimwita baba, isipokuwa walipokasirika.

Jikoni kwake kulikuwa na sheria moja ambayo kila aliyepita pale anaikumbuka. Kando ya mlango wa uani ilikaa ndoo ya bati. Mpishi akiipua sufuria yake, Mkuu alichota kijiko kimoja, akaonja, akafumba macho. Chakula kikimridhisha, alifumbua macho akaenda zake bila neno. Kisipomridhisha, alichukua sahani ya kwanza iliyopakuliwa, akaimwaga ndani ya ndoo mbele ya aliyepika, kisha akawapigia mbwa wa uani mluzi. Hakufoka wala hakueleza. Mpishi alisimama hapo hapo, mikono kwenye aproni, akiwatazama mbwa wanavyokula jasho lake. Wapo wanaume wazima waliotoa machozi kwa ajili ya ndoo ile. Msemo ukaenea kiwanda kizima, mpaka ofisini, ambako karani akiharibu barua aliambiwa, hii imekwenda kwa ndoo.

Kisa hicho Mkuu alikisimulia mwenyewe siku ya harusi ya mwanawe, amesimama na glasi mkononi, na watu walicheka mbavu hawana. Bibi harusi alicheka pamoja nao. Hakujua kwamba alikuwa anasomewa sheria za nyumba anayokwenda kuishi.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na bahasha. Saa aliigawa. Alichobeba kwa hiari yake ni mtoto wa mbwa wa uani, jike la kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, akaliita Ndoo. Mbwa huyo alikua na adabu kuliko mwenye mbwa. Habweki ovyo, haombi, hagusi cha mtu. Wakati wa kula alilala chini ya meza, kidevu juu ya kiatu cha mzee, akangoja watu wamalize mambo yao.

Mke wa mwanawe hakutaka kumwona hapo. Yeye alifanya kazi kwa dobi, chumba cha pasi, mashuka ya hoteli mia na zaidi kwa siku, na mzee alimpa jina la Mama Pasi, jina ambalo alilitumia tu akiwa na uhakika kwamba linasikika. Mwanamke huyo alikuwa na jicho. Angeinua kitambaa cha meza dirishani na kukwambia mtu alikula nini, alikula akiwa na haraka au la, na kama aliona haya baada ya kumwaga. Wiki ya kwanza tu ya mbwa huyo nyumbani, alisema bila kuzunguka.

"Baba, wakati wa kula mbwa akae uani."

"Mbwa huyu amezaliwa kantini," mzee akajibu. "Anazijua taratibu za meza kuliko wengine humu ndani."

"Manyoya yanaingia kwenye chakula."

"Yakiingia nitakwambia kama yameongeza ladha."

Vita vyenyewe vilianza hivyo, na vilidumu miaka mitatu bila upande wowote kurudi nyuma. Kila jioni mmoja alisema mbwa atoke, mwingine akasema atoke nani. Mwanawe, fundi wa mafriji mwenye karakana ndogo hapo hapo uani, aliinamia sahani yake na kula kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. "Nyinyi mnanitafutia presha," ndilo neno lake kubwa. Mzee naye hakuacha kukosoa. Wali umejaa maji. Viazi vimekatwa na mtu mwenye hasira. Lakini alilalamika kinywa kikiwa kimejaa, na sahani yake ilirudi jikoni inang'aa, na Mama Pasi, aliyejua kusoma vitambaa, alijua pia kusoma sahani. Katika miaka hiyo yote mitatu mbwa hakutupiwa hata punje ya chakula chake. Kwa hiyo alivumilia ulimi wa mzee, kwa sababu tumbo lake lilikuwa linamtetea.

Halafu, miezi minne kabla ya Jumapili ninayotaka kuisimulia, mkate ulimkwama mzee kooni.

Alikunywa maji ukashuka. Wiki iliyofuata ikawa nyama. Ilisimama chini kidogo ya pale tai inapofungwa, ikakaa, ikamtoa machozi, na alilazimika kwenda chooni kuirudisha ilikotoka. Baada ya hapo wali. Chai ilipita, uji mwepesi ulipita, na asubuhi alipokwenda kuwasalimia wenzake wa zamani kiwandani alikuwa akijificha stoo ya kantini na vikombe viwili vya uji, akishukuru kwamba hakuna aliyemwona. Hakuhitaji daktari amwambie kitu. Kaka yake mkubwa alianza hivyo hivyo, kwa mkate.

Kaka yake, hospitali walimtoboa tumbo wakamwekea mpira wa kupitishia chakula, na mara nne kwa siku mtu alikuja na bomba la sindano na kikombe cha maziwa. Wageni walikaa kuzunguka kitanda wakaongea juu ya kichwa chake kana kwamba ametoka kidogo. Alikuwa mlaji mkubwa, mtu wa kufukuza harufu mpaka jikoni kwa watu. Mwishoni hakuwa na sauti, alikuwa na kidaftari, na mara ya mwisho Mkuu alipomtembelea alimwandikia: leo wanapika nini huko nyuma? Mkuu alisoma, akakunja karatasi, akatoka nje bila kujibu, na hilo hajajisamehe. Siku ile aliapa kwamba hakuna mtu atakayemwona yeye katika hali hiyo. Akila atakula, asipoweza basi, lakini hakuna bomba wala pole.

Na hapo ndipo mbwa alipopata kazi. Mzee alikuwa akitia kipande mdomoni, akitafuna, akipangusa mdomo kwa kiganja, na kiganja kikishuka chini ya meza kinakuta ulimi wenye joto unangoja. Ndoo aliielewa shughuli siku ya kwanza. Sahani iliisha, mwanawe hakuona kitu, na mzee aliondoka mezani na njaa yake kama alivyokuja nayo.

Mama Pasi alimbamba wiki ya pili. Aliinama kuokota uma, akakiona kiganja, akauona mdomo wa mbwa, akaiona nyama aliyokuwa akiipika tangu aliporudi kutoka kazini. Alinyanyuka polepole. Katika nyumba nyingine mtu angeuliza, baba, unaumwa? Katika nyumba hii, ambamo kisa cha ndoo kilikuwa kimesimuliwa mpaka kwenye keki ya harusi, kulikuwa na maana moja tu.

"Baba," akasema. "Umenipeleka kwa ndoo?"

Mzee alikuwa na nafasi ya kusema kweli, tena nafasi pana. Aliitazama, akaipima. Kuhurumiwa hakukuzoea. Kuchukiwa alikuzoea miaka thelathini na minne, na alijua namna ya kukaa nako.

"Mbwa hajalalamika," akajibu.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Mama Pasi hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alibadilisha muuza nyama. Alipunguza chumvi, akaiongeza, akaipunguza tena. Aliuliza wanawake wenzake chumba cha pasi jinsi wanavyokaanga vitunguu, akaandika nyuma ya risiti za dobi, akabandika risiti ukutani juu ya jiko. Kila jioni alipakua, akakaa, akatazama mkono wa kulia wa mzee. Kila jioni mkono ulishuka. Mbwa alinenepa mpaka akawa anapumua kwa sauti. Mzee akaanza kuvaa koti ndani ya nyumba, jua likiwaka, na kutoboa mkanda matundu mapya kwa msumari.

"Angalia anavyometa," Mama Pasi alisema jioni moja, akimtazama mbwa. "Nimepata hata wa kunilea uzeeni. Nimemkuza kwa mikono yangu."

"Ana bahati," mzee akasema.

"Baba, si umwambie tu kasoro iko wapi?" mwanawe akaingilia, macho kwenye sahani. "Arekebishe, tule kwa amani."

"Hawaambiwi. Kantini sikuwahi kumwambia mtu."

"Hapa siyo kantini," akasema Mama Pasi.

Jambo lililomtesa mzee zaidi, kuliko njaa yenyewe, ni kwamba chakula kilikuwa kinazidi kuwa kizuri. Aliyajua haya kwa ulimi, maana ulimi haukuwa na tatizo lolote. Alitafuna kila tonge mpaka likaisha utamu wote, akameza ule mchuzi kidogo unaopita, ndipo akatoa makapi. Mwezi wa pili alionja kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka karibu na kuungua kikawahiwa hapo hapo, na alifumba macho bila kukusudia. Alikuwa ameumia. Mpishi wa kweli alikuwa amezaliwa mbele yake, kwa hasira, na yeye hakuweza kufungua kinywa, kwa sababu anayesifu chakula huongezewa. Alishusha mkono chini ya meza.

Ndipo ikaja habari ya mgeni. Mama mzazi wa Mama Pasi, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, angekuja kula nao Jumapili mchana. Hakuwa amekuja tangu harusi. Ijumaa, Mama Pasi aliweka pasi chini, akaenda kusimama mbele ya kiti cha mzee, na kumtolea uvivu.

"Jumapili mbwa atafungwa uani. Nitamfunga mwenyewe. Chakula changu ukikitaka utakula, usipokitaka utakaa na sahani yako mbele ya mama yangu, na mama yangu akuone. Lakini hunipeleki kwa ndoo mbele ya mzazi wangu. Ukifanya hivyo mimi nahama, na mwanao ataamua anabaki na nani. Nimekwisha kumwambia."

Mzee alimtazama mwanawe. Mwanawe alikuwa ameinamia koili ya friji akiisugua kwa brashi, na hakuinua uso. Basi kweli alikuwa ameambiwa.

"Afungwe," mzee akasema.

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kwa mapigano ya nusu saa. Alibaki amesimama, hana pa kuyapeleka maneno yaliyobaki, kisha akarudi kwenye pasi yake akiwa na wasiwasi kuliko alivyokuja.

Jumamosi nzima mzee alifanya mazoezi chumbani. Alitafuta mfuko wa nailoni usiopiga kelele, akautandaza ndani ya mfuko wa koti, mdomo wazi, akajifunza kuleta leso kinywani na kuishusha mfukoni kwa mwendo mmoja. Alitumia vipande vya mkate. Mbwa alikaa akitazama kila safari ya mkono, na kila kipande kilichoishia mfukoni alikihesabu kuwa deni lake. Mzee hakulifikiria hilo. Hapo ndipo alipokosea, mtu aliyeishi na mbwa wa jikoni maisha yake yote.

Jumapili meza ilitandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Nyama ilikuwa imechemshwa kisha ikakaangwa kwa vitunguu, mchuzi ukiwa kwenye bakuli lake pembeni, na viazi, na wali ambao kila punje ilikaa peke yake. Mwalimu alikaa upande wa dirisha. Mzee alikaa mahali pake, koti limefungwa vifungo. Uani Ndoo alifungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, fundo la Mama Pasi, na alianza kulia tangu sahani ya kwanza ilipogonga meza.

"Mkwe, umepungua," Mwalimu akasema.

"Uzee, mkwe. Tumekwisha kula chumvi nyingi."

"Anapungua kwa chakula changu," Mama Pasi akasema, akimpakulia. "Kinamkondesha yeye, kinamnenepesha mbwa. Sijui nakipikaje."

Mwalimu alimtazama binti yake, akamtazama mzee, akachukua kijiko. Alikuwa amefundisha miaka mingi na alijua darasa lililogombana kabla hajaingia.

Mzee alitafuna. Nyama ilikuwa laini na ilikuwa na kila kitu. Aliizungusha mdomoni mpaka ikawa nyuzi tupu, akaleta leso, akashusha. Hakuna aliyeona. Mama Pasi alitazama sahani inavyopungua, akatazama chini ya meza ambako hakukuwa na mbwa, na mabega yake yakalegea kidogo. Mara ya pili leso. Mara ya tatu, ya nne. Mwalimu alisema nyama hii hata yeye hajawahi kuipika hivi, na Mama Pasi akajikuta anatabasamu, kitu ambacho meza ile haikuwa imekiona kwa muda mrefu. Mzee aliliona tabasamu hilo. Aliona pia sahani imefika nusu na kwamba lolote likitokea sasa litakuwa baya mara mbili.

"Huyo mbwa atajiua," Mwalimu akasema.

"Nakwenda kuleta soda, nitamtazama," mwanawe akasema, akafurahi kupata sababu ya kuinuka.

Soda zilikuwa kwenye friji la karakana. Fundi alimkuta mbwa amevuta kamba mpaka anakoroma, akamhurumia, akalegeza fundo. Kisha akarudi na chupa nne mikononi, akausukuma mlango kwa kisigino, na mlango haukujifunga.

Ndoo aliingia bila kubweka. Hakumwangalia mgeni, hakuiangalia meza. Alikwenda moja kwa moja kwenye koti la mzee, akaingiza pua mfukoni, na mzee alipojaribu kumzuia kwa goti alikuwa amekwisha kuung'ata mfuko wa nailoni na kuuvuta. Ulichanika kwenye ukingo wa kiti. Vilivyokuwa ndani vilidondoka sakafuni, karibu na viatu vya Mwalimu, madonge manne meupe, na mbwa akala moja kabla hajapigwa teke na fundi.

Fundi aliweka chupa mezani moja moja, polepole, kama anaogopa zitalipuka.

"Mfukoni, baba," akasema. "Unatema chakula cha mke wangu mfukoni. Mbele ya mama yake."

Mzee akakunja leso yake.

"Nilisema ni uzee. Nilimwambia huyu, mvumilie, mzee ndivyo alivyo. Kumbe mimi ndiye mjinga hapa. Kesho utafute pa kukaa. Nitakulipia chumba, nitakuletea chakula cha hoteli, lakini humu ndani basi."

"Mkuu," Mama Pasi akasema. Hakuwahi kumwita hivyo usoni. "Mama yuko hapa. Sema mbele yake chakula changu kina nini."

Ile nafasi pana ilikuwa imerudi. Mzee aliutazama mlango, akamwona akilini kaka yake na kidaftari chake. Akasema kwa sauti ya kantini, ile isiyotetemeka:

"Nyama ngumu."

Mwalimu aliweka uma chini. Fundi aligeuka kutazama ukuta. Mama Pasi alikwenda jikoni, akarudi na kitambaa kibichi, akapiga magoti kusafisha sakafu, kwa sababu mafuta yakikaa kwenye vigae yanaingia kwenye mistari, na hasira haikumfanya asahau hilo. Aliokota donge la kwanza akalitupa kwenye kitambaa. Aliokota la pili, akasimama nalo vidoleni. Alilibonyeza. Halikutoa kitu. Alilivuta likaachana nyuzi nyuzi, safi, halina mafuta, halina rangi, kama uzi uliochemshwa mara tatu. Akalitazama la tatu. Lilikuwa vile vile.

Mwanamke huyu alijua tofauti kati ya kitu kilichotemwa na kitu kilichonyonywa.

"Hii haikutemwa," akasema, bado yuko magotini. "Mtu akikichukia kitu anakitoa haraka. Hii imetafunwa mpaka imekwisha." Aliinua macho. Aliutazama mkanda wa mzee, matundu ya msumari, ncha iliyozunguka mpaka mgongoni. Aliitazama shingo ndani ya kola ya shati. Akainuka, akachukua kijiko, akachota wali, kijiko kidogo tu, akakileta mbele ya mdomo wa mzee.

"Meza."

"Acha mchezo," mzee akasema.

"Meza huu, nami nitafunga virago leo hii, mbwa alale kitandani kwangu. Meza."

Mzee alikitazama kijiko. Mikono yake, ambayo ilikuwa imebeba masufuria ya watu mia tatu, ilikuwa juu ya kitambaa cheupe na haikuinuka kukipokea.

"Siwezi," akasema.

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

Fundi aligeuka kutoka ukutani. "Baba," akaanza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, tayari ilikuwa na ule unyevu ambao mzee aliuogopa kuliko mpira. Mama Pasi alimnyamazisha kwa mkono.

"Wewe subiri. Nina zamu yangu." Akamgeukia mzee. Hakuwa na machozi. Alikuwa na hasira kuliko siku zote za miaka mitatu ukizikusanya. "Miezi minne. Nimewauliza wanawake kumi na mmoja pale kazini mikono yangu ina nini. Mmoja akaniambia niende nikaombewe. Nimeamka alfajiri kuloweka nyama. Nimelia kwenye mashuka ya watu, nikayapiga pasi juu ya machozi. Na wewe ulikuwa unajua. Ungesema tu unaumwa, ningekuchujia supu. Uliona bora mimi nife kwa aibu kuliko wewe kupewa pole."

"Kaka yangu..."

"Sikuulizi habari za kaka yako. Najua habari za kaka yako. Nakuuliza wewe."

Ilikuwa kweli yote, na ilisemwa kwa mpangilio mzuri.

"Kesho karakana imefungwa," Mama Pasi akasema. "Mwanao anakupeleka hospitali. Wakisema mpira, utawekewa mpira. Na mimi ndiye nitakayeshika bomba, na sitakwambia pole hata mara moja, usiwe na wasiwasi. Sikusamehi leo, na kesho sikuahidi." Alimtazama mbwa, aliyekuwa amelala tena chini ya meza, kidevu juu ya kiatu. "Ndoo. Nje."

Mbwa hakutikisika. Alimtazama mwenyewe. Mzee aliutoa mguu wake polepole chini ya kidevu kile, akanyoosha kidole mlangoni.

"Nje," akasema, na mbwa akatoka.

Fundi akaufunga mlango, safari hii kwa mkono. Mama Pasi alivuta bakuli la mchuzi, akachota nusu kikombe kupitia chujio la chai, akakiweka mbele ya mzee.

"Koo huna, ulimi unao. Onja."

Mzee alionja. Akafumba macho. Mchuzi ulipita, polepole, ukiwa na joto mpaka chini. Alipofumbua macho alitaka kuinuka aende zake, kama alivyofanya maisha yake yote mbele ya sufuria nzuri, na Mama Pasi akaweka mkono juu ya koti lake, kwenye mfuko ule mtupu.

"Hapana. Kaa. Sema."

Alikaa. Ilimchukua muda, kwa sababu hakuwa na mazoezi.

"Kitunguu," akasema. "Umekiacha mpaka karibu na kuungua, ukakiwahi. Mimi kujifunza hilo ilinichukua miaka sita."

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa pili."

Mama Pasi alipokea hilo akiwa amesimama wima. Akajaza kikombe tena kupitia chujio.

"Rudia," akasema. "Mama hakusikia."

"Nimesikia, mwanangu," Mwalimu akasema taratibu.

"Hakusikia," Mama Pasi akasema, bila kugeuka. Na Mkuu akarudia, kwa sauti, kuanzia kwenye kitunguu.